Mabati Sitini ya Nduruma

Jumatatu, 7 Mei 2001
Mvua. Mlima haujaonekana tangu Ijumaa. Daktari amemwambia Irine ukumbini, akidhani sisikii: uvimbe wa koo umeshuka hadi kifuani, tuhesabu wiki. Sauti imebaki mnong'ono, kwa hiyo nimewekewa kengele yangu ya shule mezani. Miaka kumi na tisa niliita watoto darasani kwa kengele hii. Sasa namwita mwanangu Irine alete uji.

Irine anataka kompyuta za mauzo kwa maduka yetu yote matatu ya vifaa vya ujenzi — Kijenge, Akheri, Nduruma. Tukifungua la nne, anasema, tutaendelea na madaftari? Ana haki. Kuna programu mbili. Moja, kila duka linajitegemea. Nyingine ni ghali, inayaunganisha yote: disketi zinaletwa Kijenge kila jioni, na bidhaa ikitoka duka moja lazima ionekane imeingia jingine. Hata maduka yakifika kumi.

Nikanong'ona: chukua ya kwanza. Alishangaa. Mimi, niliyekuwa nahesabu hadi misumari!

Jumatano, 9 Mei
Amekuja Rodrick, fundi wa kompyuta, kujaribu programu zote mbili. "Shikamoo mzee! Hii ya kuunganisha ina kumbukumbu kuliko mama mkwe." Irine akacheka. Siku nyingi sijamsikia akicheka.

Fundi anataka vitabu vya mwezi mmoja, vya maduka yote, vilivyokamilika. Vingi vimeliwa na panya. Mwezi mmoja tu umefungwa pamoja kwa kamba: Aprili 1993. Nimesikia sanduku likifunguliwa. Nikapiga kengele, nikapiga tena. Irine alipofika, vitabu vilikuwa mkononi mwake. Nikaomba maji.

Ijumaa, 11 Mei
Niandike.

Vitabu vile vilifungwa pamoja kwa ajili ya mahakama. Baada ya Pasaka ile mabati sitini yalikosekana Nduruma. Muuzaji alikuwa Lerionka, mtu mpole, aliyekuwa mwanafunzi wangu. Nilishika Biblia nikasema sikuyahamisha. Niliamini hivyo — Mungu anajua niliamini. Akafungwa miezi minane. Ng'ombe saba wa baba yake waliuzwa ili nilipwe.

Agosti tukaweka wakfu paa jipya la kanisa Akheri. Katikati ya wimbo nikatazama juu. Nikakumbuka. Ni mimi niliyeyapakia kwenye lori la kukodi, Alhamisi Kuu, Lerionka akiwa mnadani. Nikayapeleka duka la Akheri, kanisa likayanunua pale. Asubuhi ile ile nilikuwa nimepata habari kwamba kaka amefariki Machame. Sikuandika popote.

Lerionka alikuwa bado ndani. Mimi niliimba beti zilizobaki.

Miaka minane. Ruwa, Mungu wangu.

Jumapili, 13 Mei
Mlango wa ukumbi ulikuwa wazi. Rodrick akaita: "Dada, njoo uone. Programu ya kwanza inasema Nduruma wamepoteza mabati sitini, basi. Hii ya pili — Nduruma pungufu sitini, Akheri wameuza sitini ambayo hawakupokea. Biashara nzima, pungufu sifuri! Hayakuibwa haya. Yalihama tu."

Kisha Irine: "Ni majaribio. Futa."

Akaniletea chai, hakunitazama. Nikamwandikia kwenye karatasi: Niitie Lerionka. Akasoma, akaikunja, akaitia mfukoni mwa sweta.

Jumanne, 15 Mei
Leo Irine amesema. Wateja wa Nduruma, Baba, ni ukoo wote wa Lerionka. Ukisema, kesho hakuna mguu utakaokanyaga pale. Mkopo wa duka la nne nimeshasaini. "Wewe utakuwa umelala. Mimi je?"

Nikaandika jina la Lerionka tena, mara tatu, kama mtoto anayeadhibiwa. Akalia. Karatasi akaichukua.

Jioni nimemnong'oneza Marta, anayeniogesha. Kwao ni Nduruma. Amesema atampitia.

Alhamisi, 17 Mei
Amekuja!

Saa nne asubuhi. Yuko barazani, anakung'uta matope. "Hodi! Nimeambiwa Mwalimu ananiita."

"Shikamoo, mzee Lerionka. Karibu. Baba amelala, usiku hakupata usingizi."

Uongo. Niko macho, kalamu mkononi. Nimeita — umetoka upepo tu.

Amepewa chai. Anamwambia Irine ameniletea maziwa, ya ng'ombe wake mmoja, ni laini, hata koo bovu litameza. Kwa nini maziwa? Bora angekuja na fimbo.

Anauliza habari za kile kikompyuta ukumbini. "Ndicho kitauza duka?"

"Ndicho. Tumechukua ile ya kila duka peke yake. Baba mwenyewe ndiye aliyeichagua."

"Eeh. Mwalimu alijua hesabu sikuzote."

Anacheka kidogo. Hana hila katika kicheko kile. Hajui. Amekaa hatua kumi kutoka kitandani na hajui.

Kiti kinaburuzwa. Basi, anasema, msimwamshe, nitamsalimia siku nyingine.

Siku ipi!

Nanyoosha mkono mezani. Miwani. Dawa. Kikombe cha jana.

Kengele haipo.