Kundi Jekundu

Jumamosi, Machame

Na lile neno nililiandika kwa utani tu, nikasahau kulibadilisha. Ofisini kwetu kwenye ushirika walitaka niwagawe wakulima kwenye kompyuta kufuatana na kahawa wanayoleta, kila kundi na rangi yake. Waliopunguza sana niliwapa nyekundu, nikawaita Wavivu.

Leo chati ikabandikwa ukutani mbele ya mkutano, majina yote chini yake. Watu walicheka, halafu wakaanza kujitafuta.

Mama alikaa benchi la mbele. Hasomi haraka, lakini jina la Baba analijua. Kahawa yetu bado inapelekwa kwa jina lake, kama kwa wajane wengi huku, maana kihamba, shamba la ukoo, ni cha mwanaume hata akiwa kaburini humo humo migombani. Nayajua haya tangu utoto. Mpumbavu mimi.

Nilidhani atanifokea. Alinisubiri mlangoni, akanishika mkono.

"Mwanangu, baba yako hakuwa mvivu. Alikufa. Aliyeleta kidogo ni mimi."

Kisha akaniuliza kama nimekula.