Saa Mbili Kutoka Bukoba Hadi Mtwara

Bukoba, Jumapili

Mdogo wangu Somoe,

Assalaam aleikum. Umzima? Mama anaendeleaje na mguu wake? Na huyo shemeji yangu, ambaye mpaka leo hatujapeana mkono, anakutunza? Mimi mzima wa mwili. Barua hii anakuletea mwalimu mwenzangu aliyepewa ruhusa ya siku chache kuja kwao Mingoyo, maana simu zangu hupokei. Sikulaumu.

Huku mvua hainyamazi. Nikitoka darasani napika ndizi, nakula peke yangu redio ikisema, basi. Wiki nzima inaweza kwisha bila mtu kuniita Hamisi. Mimi ni "Mwalimu" tu. Juzi nilijikuta najisemesha Kimwera jikoni, nikajionea huruma.

Sasa tuje kwenye letu. Kabla ya ndoa yako ulinipigia ukaniambia, "Kaka, mpe Baba Mdogo uwakala aniozeshe, njia ni ndefu." Nikakufokea. "Kwani mimi nimekufa? Marehemu Baba kaniacha niwe walii wako, nitakuozesha mwenyewe! Bukoba na Mtwara ni saa mbili na kidogo kwa ndege, kisha gari hadi nyumbani Mitwero." Mwalimu wa jiografia mimi, nilikuwa nimepima kwa rula kwenye ramani ya darasani, na simu nayo ikanipa saa zilezile. Kumbe ndege ya kunyoosha hivyo haipo! Unashuka Mwanza, unashuka Dar. Nikakata tiketi ya Dar tu, nikidhani ndege za Mtwara nitazikuta zinaita abiria kama mabasi. Ujuaji huo, Somoe.

Nilipofika Dar ile Ijumaa, ya Mtwara ilikuwa imeshaondoka. Nyinyi huko Mitwero mmeshatoka msikitini, pilau linapoa, na wewe umekataa kumpa shehe idhini. "Namsubiri kaka yangu." Mkaningoja mpaka karibu na alasiri. Mwisho Baba Mdogo akapiga simu, shehe akaniuliza, nami nikajibu nimesimama katikati ya mabegi ya watu, "Nimempa uwakala." Baadaye kidogo nikasikia vigelegele, kisha simu ikakata. Mama mmoja niliyekuwa naye kwenye foleni akaniambia, "Hongera, baba." Nikaenda kulilia chooni.

Msalimie Mama, mwambie dawa ya kuchua mguu nimempa huyo mwalimu. Mpe shikamoo yangu Baba Mdogo aliyenibebea mzigo wangu, na shangazi wa Kitomanga aliyewapikia watu.

Hapa ningetia saini. Lakini nililokaa kuliandika bado sijaliandika. Niliwaambia kwamba ndege ya kesho yake ilikuwa imejaa. Uongo, Somoe. Dada wa tiketi aliniambia nafasi ipo, ya asubuhi. Ningekukuta hujapelekwa kwa mumeo, hina bado mbichi. Nikawafikiria watu wa Mitwero watakavyonicheka na rula yangu, nikaona aibu, nikageuza nikarudi Bukoba. Nilikukimbia, mdogo wangu, siku uliyokataa kuolewa bila mimi.

Shule ikifungwa nakuja kwa basi. Kama hutaki kuniona, mwambie huyo mwalimu kabla hajarudi huku. Na kama unataka kunitukana, usimtume mtu. Nitafika, nitakaa chini mbele yako na mbele ya mumeo, na nitasikiliza mpaka uchoke.

Kaka yako aliyekuangusha,

Hamisi