Yowe la Kwenye Karoti

Latifa, usinipigie, siwezi kuongea. Soma tu.

Hashimu kampiga Yusufu. Ndiyo, mume wangu, mwalimu mzima. Kampiga mdogo wake wa tumbo moja.

Asubuhi alikuwa anawafundisha kidato cha tatu neno la Kiingereza, "hue and cry", makelele ya watu wengi. Kawaambia limetoka Uingereza ya zamani: ukiibiwa unapiga yowe, na kila anayesikia lazima amkimbize mwizi, asipokimbia anaadhibiwa. Wakacheka, mbona ni kama kwetu hapa Magamba.

Msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, na nani anauliza kama ni mwizi kweli?"

"Hilo kesho," akamjibu.

Kengele haijalia, yowe likatoka bondeni, kwenye karoti. Mwizi! Hashimu akatoka mbio, wanafunzi nyuma yake. Wakamkuta mtu kainama na kiroba, kofia ya baridi imemfunika mpaka machoni. Hashimu akamshushia fimbo kabla hajamgeuza.

Karoti za mama yao, Latifa. Mama ndiye aliyemtuma! Aliyepiga yowe ni jirani mgeni, hamjui Yusufu.

Na Yusufu hakulia. Damu inamtoka sikioni, akamtazama akasema, "Shikamoo, kaka."

Alimwamkia, Latifa. Alimwamkia.

Kashonwa, yuko kwa mama. Hashimu kakaa hapa jikoni, chai imepoa. Nimemkumbusha kesho kipindi cha kwanza ni darasa lilelile.

Ananiuliza tu, "Hivi niliitikia?"