Kompyuta Haipumzishwi

Mama, shikamoo. Mie nimetoka, chai ipo kwenye chupa.

Kompyuta usiizime tena! Leo asubuhi nimeikuta imezimwa na kufunikwa kitambaa chako cha kufuma, eti nayo ipumzike kama redio. Kumbe ilikuwa inavuta vitu kwa njia ya simu, ikakatikia nusu. Nimeiwasha upya. Nikiwa ofisini naandika amri kule, na hii ya hapa inatii kuliko wanao wote. Jirani Mama Loveness akija kuomba kupiga simu, mwambie jioni. Mkonga wa simu usiinuliwe, itakatika tena.

~~Ni kazi za ofisi.~~ Haya, nakwambia kweli: ni picha ya mjukuu wako, kaka Badru kaituma toka Maskati. Imefika nusu, paji la uso na macho tu.

Macho ni yako.

Kitindamimba wako,
Mwanakombo