Bosi Akiuma, Fanyeni Hivi

Anselmo baba, na wewe mkwe wangu Monica,

Maharage yako jikoni, bado kuungwa. Bosi ameshakula uji wake na dagaa, msimwongeze hata akilia. Kandambili zenu nimeziweka juu ya kabati, maana mbwa anayeota meno kila kilicho chini ni chake. Mpeni ile kamba niliyosuka kwa kanga kuukuu, atafune hiyo.

Akiuma mkono, msimpige wala msipige kelele. Daktari wa mifugo alisema siku ya chanjo, nyie mlikuwa mnapiga picha. Acheni mchezo, simameni kimya, mpeni mgongo, tokeni. Atajua mwenyewe kwamba anayeuma huachwa peke yake.

Asubuhi nilipiga kelele, nakubali. Nilikuwa nachambua mchele, akanidaka kidole mpaka damu. Monica ukaja mbio, nikadhani unakuja kwangu. Kumbe unambeba Bosi. Na wewe Anselmo ukasema kutoka chumbani, "Mama, umemfanya nini tena huyo mtoto?"

Mtoto. Nikaenda bombani kunawa damu peke yangu.

Bosi simlaumu. Hata wewe Anselmo ulipoota meno uliniuma ziwa, na sikukupiga. Lakini yalishaota zamani hayo.

Basi nimesimama kimya, nimekupa mgongo, nimetoka. Niko kwa dada yako Anjelina, Kibamba. ~~Narudi jioni.~~ Daktari alisema mbwa mdogo dakika moja inamtosha. Mtu wa miaka arobaini na moja hakumtaja, kwa hiyo nimeanza na wiki.

Mama yako, mwenye kidole