Mwendo wa Matanga Harusini Myanga

S.L.P. 412,
Kitale.
12 Aprili 2025

Mpendwa Shangazi Phelista,

Kuna yowe moja ambalo halijanitoka masikioni wiki mbili sasa, lakini kabla sijafika huko, hujambo? Joto la Mombasa limekupunguzia maumivu ya magoti au limeyaongeza? Sisi hapa Kibomet tu wazima. Mvua imeanza, mahindi yamepandwa, na Baba anakohoa kidogo tu, hasa akiambiwa apumzike.

Barua ya kazi uliyonitafutia katika shule iliyo karibu nawe nimeipata. Nakushukuru kwa moyo wote. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu wewe hushinda kila mara. Jibu langu limo humu, nivumilie.

Yowe lenyewe lilipigwa na nyanyake bwana harusi kule Myanga. Unajua bendi ya Baba imesindikiza maiti za Kitale na Bungoma kwa miaka thelathini na moja; kwenye harusi hatuitwi. Safari hii tuliitwa. Tulifanya mazoezi ya nyimbo sita za furaha, tukapiga viatu rangi, tukajipanga langoni, tukaanza. Wimbo ulikuwa wa harusi kabisa. Ila miguu, Shangazi! Miguu ilikuwa ya matanga: hatua moja, simama, hatua moja, simama. Na Mzee Hesbon hakukumbuka kutoa kile kitambaa cheusi kwenye ngoma kubwa.

Nyanya akatoka jikoni, akatutazama, akashika kichwa. "Uuuwi! Ni nani? Ni nani ametuacha?" Majirani wakaja mbio wakilia bila kujua wanamlilia nani. Mmoja alikuwa ameshabeba mzigo wa kuni za matanga. Bibi harusi ndiye aliyeanza kucheka, Mungu ambariki, la sivyo tungefukuzwa.

Mimi nilicheka mpaka midomo ikakataa kupuliza tuba, lile tarumbeta langu kubwa. Baba hakucheka. Kwenye mazoezi ya Jumanne alitangaza kwamba bendi imefika mwisho. Matangani siku hizi watu hukodisha spika, harusini tunawatia watu simanzi. Basi vyombo virudi kanisani, naye alime vitunguu.

Nami, ambaye huwa nafikiri jambo mara kumi kisha nalinyamazia, nikasema, "Niachie niiongoze."

"Wewe?" Mzee Hesbon akaruka. "Si hata ukisalimia watu unanong'ona, bana!"

"Mtu wa tuba hukaa nyuma, mwanangu," Baba akaongeza.

"Nimekaa nyuma miaka tisa, Baba. Ndiyo maana nimeiona miguu yenu yote."

Wakacheka, hata yeye. Kisha akanikazia macho na kusema atanipa hadi Agosti, lakini niwe hapa hapa. "Bendi haiongozwi kwa simu kutoka Mombasa," alisema. Nilielewa.

Tangu siku hiyo tunafanya mazoezi bila vyombo, kutembea tu. Mzee Hesbon ananiita "Afande" na kudai kwamba kiuno chake hakikuumbiwa harusi. Chemutai anayepuliza kornet, lile tarumbeta dogo, ameanza kurukaruka kiasi kwamba sasa ni yeye wa kuzuiwa.

Wasalimie binamu zangu Kevin na Nelima. Mwambie Nelima sweta yake bado naivaa. Mungu aizungushie nyumba yako amani, na magoti yako yapate nafuu.

Sasa jibu. Najua ulitumia jina lako kuniombea ile nafasi, na hilo linaniuma kuliko unavyodhani. Usimlaumu Baba, hakunishawishi. Alhamisi nilimwandikia mwalimu mkuu kumwambia kwamba siji, nikamwomba radhi, nikaipeleka barua posta mwenyewe kabla sijaogopa.

Binti wa kaka yako, akupendaye daima,
Nasambu