Hatua Yako ya Pili Ilikuwa Kosa

Mezani kwangu,
Mbele ya Ofisi ya Ardhi,
Jumanne, 9 Juni.

Mpendwa ndugu yangu, mtoto wa mama mdogo,

Natanguliza salamu kwako, kwa shemeji na kwa wanangu wawili, nikitumaini mko wazima. Mgongo wako je, umepata nafuu? Mimi sijambo, isipokuwa macho, ambayo yamechoka kwa kuwaandikia watu maombi ya viwanja.

Mjomba bado anatengeneza saa, ingawa mikono inatetemeka. Picha yako ukiwafundisha watoto sataranji ameitundika juu ya meza yake ya kazi. Yangu imo kwenye droo, pamoja na mikanda iliyokatika. Silalamiki, naarifu tu.

Kila mteja anayesubiri saa yake husimuliwa jinsi ulivyonishinda tulipokuwa na miaka kumi na mitano, hata mjomba akakuzawadia ubao wake mwenyewe. Nimesikiliza kwa miaka thelathini na mmoja. Basi nimelifukua daftari nilimoandika mchezo ule, nikauchunguza, na ninayo heshima kukujulisha kwamba hatua yako ya pili ilikuwa kosa.

Nilifungua kwa askari wa mbele ya mfalme, nawe vivyo hivyo. Nikatoa farasi kumtishia askari wako. Ukamlinda kwa kumsogeza askari jirani, yule wa mbele ya askofu, ukauacha ubavu wa mfalme kama mlango usio na komeo. Nilipaswa kumla askari wako papo hapo, farasi afe akifa. Ungemla farasi, malkia wangu angekuvamia kutoka pembeni: ama mfalme akimbie, ama ngome ipotee. Lakini nilimhurumia farasi. Nikasogeza askari wa pembeni hatua moja, kama mgeni anayebisha hodi.

Juzi nilimwonyesha mjomba hayo yote kwenye ubao wa karatasi. Akafuta miwani, akazifuata hatua kwa kidole.

"Umefanya kazi, Karani," akasema, kwa jina lile lile alilonipa kwa sababu ya daftari. Moyo ukanijaa furaha. "Na kama Kichwa asingemla huyo farasi, je?"

Kichwa ni wewe. Hajaacha kukuita hivyo.

"Ah, mjomba! Farasi wa bure nani anamwacha?"

"Angeleta malkia mbele ya mfalme. Hebu mwulize. Yeye atajua."

Ndugu yangu, hata kosa lako analiamini kuliko usahihi wangu.

Nisalimie mama mdogo, na umwambie dawa ya miguu nimeipata. Mwenyezi Mungu awalinde nyote, na mgongo wako aunyooshe.

Sasa nakuomba rasmi: utandaze ubao ule, ambao ungekuwa wangu, uzirudishe kete pale zilipokuwa. Usimwandikie mjomba, niandikie mimi. Farasi wangu amemla askari wako wa katikati. Zamu ni yako.

Nduguyo, akupendaye pamoja na hayo yote,

Karani